Plasta inayobanduka ukutani Lamu

Dada, umeuliza kuhusu plasta inayobanduka, kama nyumba ni ya mawe ya matumbawe hapo Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, usipige simenti tena juu ya hiyo plasta, utatupa pesa bure. Kuta zile zilijengwa kwa chokaa na zinapumua, unyevu ukipanda kutoka chini unatokea ukutani unakauka, sasa simenti inauziba, maji yanabaki ndani na chumvi inasukuma plasta mpaka inatoka vipande vipande, ukipapasa nyuma yake utakuta unga mweupe ndo hiyo chumvi.

Bandua simenti yote polepole usivunje jiwe, sugua kwa brashi kavu, acha ukuta ukauke vizuri hata ikichukua wiki kadhaa. Halafu changanya plasta mpya, chokaa iliyolowekwa kwa maji ndoo 1 kwa 3 za mchanga, na mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa una chumvi. Rowesha ukuta kwanza, paka nyembamba nyembamba, kila tabaka likishika ndo upake lingine, jua kali likipiga tundika magunia mabichi. Vaa glavu na miwani jamani, chokaa inaunguza macho vibaya sana.

Ukuta wa nje waulize watu wa Makumbusho ya Taifa kwanza, mji wa kale ni urithi wa dunia toka 2001.