Jibu: Mafunzo ya ujasiriamali Dodoma yanamsaidia asiye na mtaji?

Mdogo wangu, mimi yalinisaidia, ila zaidi nje ya darasa. Kilichonikomaza ni miezi mitatu ya kujitolea kwenye mashine ya kukamua alizeti, Kibaigwa. Mama mwenye mashine alinipa daftari: kila jioni niandike magunia yaliyoingia, madumu ya mafuta yaliyotoka, na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua. Kumbe mashudu ndiyo yaliyokuwa yanalipa umeme! Hadi leo sinunui kitu kikubwa kabla sijampigia simu.

Kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba; 4 kati ya hizo ni za vijana. Tafuta wenzako unaowaamini, muunde kikundi, kisha mumwone afisa maendeleo ya jamii wa kata.