Sasisho la Windows limeganda? Pima kwanza kama data inaingia, ndipo uguse kitu

Mkuu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: laptopu yako ina Windows 10, unaipandisha kwenda Windows 11 kwa hotspoti ya simu, na tangu jana usiku upakuaji umeganda kwenye asilimia 38. Diski ni ya GB 128 na imebakiwa na GB 9. Walionitangulia kukujibu wamegawanyika. Wengine wanasema futa folda ya SoftwareDistribution, ambamo Windows huweka masasisho inayopakua, uanze upya, wengine wanasema peleka kwa fundi apige Windows mpya, yaani afute iliyopo na kusakinisha nyingine. Mimi ni fundi, mashine zenye shida hii nazipokea mara kwa mara hapa Morogoro, na naomba leo usifanye lolote kati ya hayo mawili.

Sababu yangu ni pesa yako. Ushauri wa kufuta ile folda umeenea sana mtandaoni, na wengi walioueneza wana intaneti ya waya ambayo haihesabiwi kwa GB. Kwao kuanza upya ni kusubiri kidogo tu. Wewe kila kilichokwisha kushuka umekilipia bando, na kimehifadhiwa humo humo ndani ya hiyo folda. Ukiifuta, umekitupa chote. Windows 11 toleo la 24H2, ukiipakua kama faili moja la ISO (faili lililobeba Windows nzima ya kusakinisha), inazidi GB 5. Ikipitia Windows Update huwa pungufu ya hapo, lakini bado ni GB kadhaa. Kwa hiyo asilimia 38 ni bando la kweli, usilichezee.

Anza kwa kujua jambo moja tu: je, data inaingia au haiingii? Ile asilimia haikwambii. Inaweza kusimama pale pale kwa muda mrefu huku kazi inaendelea, halafu ikaruka ghafla. Kipimo cha uhakika unacho mkononi, ni simu yako. Nenda kwenye matumizi ya data ya simu, soma hotspoti imetumia kiasi gani, andika. Funga kivinjari na WhatsApp kwenye laptopu ili zisikuvurugie hesabu. Rudi baada ya robo saa usome tena. Namba ikiwa imepanda, upakuaji haujaganda, unakwenda taratibu. Ukitaka kuona kwenye laptopu yenyewe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, kisha angalia grafu ya mtandao na ya diski.

Watu wengi wanaoniletea mashine "iliyoganda" wanakuwa hawajafanya hesabu ya spidi. Mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde ukiuachia GB 5 unahitaji takriban saa 5 na nusu, na hapo ni bila kukatika hata mara moja. Kampuni za simu nazo hupunguza spidi kwenye baadhi ya vifurushi ukishavuka kiwango fulani, kwa hiyo mtu aliyeanza vizuri jioni anakuta usiku wa manane kila kitu kimelala. Mashine haina kosa lolote hapo.

Angalia pia neno lililoandikwa mbele ya asilimia. Kama ni Downloading, tunazungumzia mtandao. Kama ni Installing, mtandao umeshamaliza kazi yake na sasa ni diski inayohangaika kufungua na kupanga mafaili. Laptopu yenye diski ya zamani ya kuzunguka, na RAM ya GB 4, inaweza kukaa namba moja kwa saa nzima katika hatua hii, na kwenye Task Manager utaona diski imeshika asilimia 100. Hapo dawa ni chaja iwe imechomekwa na wewe uwe na subira. Mtu akiizima kwa nguvu kipindi hicho ndipo matatizo ya kweli yanapoanza.

Sasa tuseme umepima na namba haijasogea kabisa. Fungua kwenye kivinjari tovuti ambayo hujawahi kuifungua. Usitumie uliyozoea, maana inaweza kuja kutoka kwenye kumbukumbu ya kivinjari. Isipofunguka, angalia bando kwanza: likiisha, laptopu inaendelea kuonyesha kwamba imeunganishwa, kwa sababu ni kweli imeunganishwa na simu yako. Simu ndiyo haina kitu cha kuipa. Bando la usiku linaisha alfajiri na mwenye mashine yuko usingizini, akiamka anakuta asilimia imesimama. Simu nyingine zinajizimia hotspoti zikiona haina shughuli, au zikiingia kwenye hali ya kuokoa betri. Na laptopu yenyewe: ukifunga kifuniko ikalala, upakuaji nao umelala. Kabla ya kuiacha usiku, ingia kwenye mipangilio ya Power & sleep uiambie isilale ikiwa kwenye chaja.

Tovuti ikifunguka vizuri, nenda Settings, Network & Internet, Wi-Fi, bonyeza jina la hotspoti yako, utazame swichi iliyoandikwa Set as metered connection. Wengi huiwasha siku moja ili kulinda bando wakasahau, na kwa sababu nzuri kabisa Windows inakataa kushusha mizigo mikubwa ikiona hivyo. Una njia mbili. Izime hiyo swichi kwa muda, au iache ilivyo kisha kwenye Windows Update ingia Advanced options uruhusu masasisho kupakuliwa hata kwenye mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Hapo hapo karibu kuna Delivery Optimization, sehemu inayosimamia jinsi Windows inavyoshusha masasisho. Ndani yake kuna kikomo cha spidi ya kushusha. Nimeshakuta mashine za ofisi ambazo mtu aliweka kikomo kidogo mno miaka ya nyuma, akahama kazi, na waliobaki wanalaumu mtandao.

Tazama saa na tarehe. Laptopu iliyokaa muda mrefu bila chaji, hasa ikiwa betri yake ndogo ya ndani imekufa, inaamka na tarehe ya miaka iliyopita. Mawasiliano na seva yanalindwa kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine inayoamini kwamba ni mwaka 2015 itavikataa vyote. Utalijua hili kwa haraka kwa sababu hata kivinjari kitaanza kulalamika kwamba tovuti si salama. Rekebisha tarehe na ukanda wa saa, kisha jaribu tena. Ukiwa na VPN au antivairasi ya kuongezea, zima kwa muda wa upakuaji tu.

Kwako wewe, mkuu, jicho langu liko kwenye zile GB 9. Diski inayouzwa kama ya GB 128 ndani ya Windows inasomeka kama 119, na Windows 11 yenyewe inataka diski isiyopungua GB 64. Wakati wa kupandisha, mashine inahifadhi mafaili yaliyopakuliwa, inayafungua, na bado inaitunza Windows yako ya zamani ili uweze kurudi nyuma ndani ya siku 10 ukiona hupendi. Hayo yote yanatakiwa yakae mahali. Mimi sianzi kazi hii kabla ya kuona GB 25 ziko wazi. Kwenye Windows Update ingia View update history. Ukikuta namba 0x80070070, hiyo maana yake ni nafasi ya diski, mjadala umekwisha.

Kupata nafasi si lazima ufute picha za familia. Folda ya Downloads peke yake huwa imejaa video na mafaili ya kusakinishia programu ambazo zilishasakinishwa zamani. Andika cleanmgr kwenye utafutaji, chagua diski C, kisha Clean up system files. Soma kila mstari kabla ya kuuwekea tiki, maana katika baadhi ya matoleo folda ya Downloads nayo imo kwenye orodha. Mafaili ya sasisho ambalo bado linashuka yaache. Ukifungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi ukaandika powercfg /h off, unaondoa faili la kulalia la Windows, na kwenye laptopu ya RAM GB 8 hilo ni GB kadhaa. Utalirudisha baadaye kwa powercfg /h on. Video kubwa hamishia kwenye flashi au diski ya nje, na hakikisha zinafunguka huko kabla hujafuta za mwanzo.

Ukishapata nafasi, bonyeza Restart, si Shut down. Windows 10 kwa kawaida ina kitu kinaitwa Fast Startup, na ukichagua Shut down hali ya kiini cha mfumo inahifadhiwa na kurudishwa ilivyokuwa. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Rudi Windows Update, bonyeza tena, na usishangae ikianza tena pale ilipoishia, kwa sababu huduma zinazobeba mzigo huu, BITS na Delivery Optimization, zimetengenezwa kuvumilia kukatika. Kwa uzoefu wangu mashine nyingi zinapona hapa.

Ile dawa ya kufuta folda ina mahali pake: data haiingii, mtandao hauna shida, tarehe sahihi, nafasi ipo, umesharestart, na kosa lile lile linarudi. Hapo inawezekana kilichoshuka kimeharibika. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika net stop wuauserv, kisha net stop bits, halafu ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old, ndipo net start bits na net start wuauserv. Umebadilisha jina tu, hujafuta. Ile ya zamani utaifuta mambo yakikaa sawa. Orodha ya historia ya masasisho itaonekana tupu, isikutishe. Kuna watakaokwambia uongeze DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, inayokarabati mafaili ya Windows yaliyoharibika. Ni amri nzuri, lakini ujue kwamba nayo huenda kuchukua mafaili Windows Update, kwa hiyo inakula bando na mtandao mbovu unaikwamisha vilevile.

Lakini kama hotspoti ndiyo intaneti yako pekee na spidi ni ndogo, mimi nisingepigana na Windows Update. Tafuta mtu mwenye intaneti ya waya, chuoni, kazini au kwa jamaa, upakue faili la ISO kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Kiungo kinachotolewa pale kinadumu saa 24, kwa hiyo usikichukue leo ukapakue keshokutwa. Flashi iwe imeformatiwa NTFS au exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Tovuti hiyo inatoa pia namba za uhakiki, za kukuhakikishia kwamba faili limefika zima bila kuchezewa. Kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, andika Get-FileHash ikifuatiwa na njia ya faili (mahali lilipo), ulinganishe. Tafadhali sana, usichukue ISO iliyopitia makundi ya Telegram au ya rafiki wa rafiki. Hiyo ndiyo mashine utakayofungulia akaunti ya benki na kazi za ofisi, na mtu aliyeichokonoa Windows kabla hujaisakinisha anaingia ndani pamoja nawe.

Nyumbani, nakili ISO kwenye laptopu, au iache kwenye flashi kama nafasi ni finyu. Ibonyeze mara mbili, itafunguka kama diski, kisha endesha setup.exe. Skrini ya kwanza ina maandishi madogo Change how Setup downloads updates. Bonyeza hapo uchague Not right now, la sivyo itaanza kutafuna bando lako kabla hata hujasonga. Mbele itakuuliza unabaki na nini: chagua kubaki na mafaili na programu. Hati zako muhimu ziwe zimeshanakiliwa kwingine kabla ya hapo. ISO hiyo hiyo itafaa kwa laptopu ya dada na ya jirani, mradi mashine zao zinakubali Windows 11.

Kuhusu haraka: msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft iliweka mpango wa masasisho ya usalama ya ziada kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026, na kujiunga kunafanyika humo humo kwenye Windows Update. Ndiyo maana nasema hakuna haja ya kupiga Windows usiku wa leo.

Fanya kipimo cha robo saa, toa nafasi kwenye diski, restart. Kisha andika hapa mambo matatu: data ilisogea kwa kiasi gani, diski sasa ina GB ngapi wazi, na namba ya kosa iliyoko kwenye historia ya masasisho. Nikiyaona hayo nitakwambia hatua inayofuata.