Vitamini D Ilipanda, Sikio Likaendelea Kutoka Usaha

Juzi msomaji mmoja wa Mpwapwa kaniandikia: "Dada, naomba jina la vile vidonge vilivyokuponya sikio." Nilicheka, halafu nikaona aibu. Uvumi huo niliuanzisha mwenyewe.

Sikio langu la kushoto lilianza kutoka usaha nikiwa darasa la pili. Limetiwa mafuta ya nazi, maji ya kitunguu saumu, hata maziwa ya mama mdogo aliyekuwa ananyonyesha. Darasa la nne mwalimu akanihamishia dawati la mwisho kwa sababu ya harufu. Kule nyuma ndiyo kabisa sikusikia kitu, nikaitwa mjinga mbele ya wenzangu. Mwalimu, kama unasoma hapa, nina digrii mbili.

Mwaka juzi, nikiwa tayari nafanya kazi Mtumba, huku Dodoma, daktari alikuta ngoma ya sikio ina tundu. Akaandika matone, na kipimo cha vitamini D. Majibu: nanogramu 12 kwa mililita ya damu. Chini ya 20 ni upungufu. Nilibisha! Upungufu wa vitamini ya jua, Dodoma? Huku bibi anaanika mlenda asubuhi, jioni unausaga kwa kiganja. Lakini tazama maisha yetu watu wa ofisini: unatoka alfajiri kuwahi gari, unashinda nyuma ya kioo, na kioo kinazuia mionzi inayotengeneza vitamini hiyo. Ukitoka nje umejifunika gubigubi kukwepa vumbi. Na ngozi nyeusi inahitaji jua la muda mrefu zaidi.

Basi nikameza vidonge na kutangaza kwenye kila kundi la WhatsApp. Matone yakalala kwenye droo. Baada ya miezi mitatu kipimo kikasoma 34, nikapiga picha karatasi ya majibu. Usiku uleule niliamka mto umelowa.

Aliyenisaidia ni nesi, mama mtu mzima. Alisokota kitambaa safi kikawa utambi, akauingiza taratibu, akasubiri, akautoa: umejaa uchafu wa kijani, unanuka. Akautupa, akasokota mwingine. Wa sita ulitoka mkavu. Ndipo akadondosha matone. "Dawa haipenyi kwenye usaha, mwanangu." Miaka yote ile nilikuwa naimwagia juu yake! Mara tatu kwa siku, wiki mbili, sikio likakauka. Tundu bado lipo, nasubiri upasuaji.

Kwa hiyo wapendwa, kausheni sikio. Vitamini D inasaidia kinga ya mwili, sikatai. Italia, katika utafiti wa 2013, watoto 116 waliokuwa wakiugua masikio mara kwa mara walifuatiliwa, na waliopewa uniti 1,000 kwa siku waliugua kidogo kuliko wenzao. Ila kwa masikio yaliyopasuka na kutoa usaha, tofauti haikuonekana. Hapo ndipo nilipokuwa mimi. Pima kwanza, usimeze kwa kuiga. Ikizidi inapandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Ukioga, ziba kwa pamba iliyopakwa vaselini. Na kausha sikio. Na ninyi mnaowatia watoto mafuta ya moto, acheni! Mtoto mnayemwita mjinga, mpelekeni kwanza akapimwe usikivu.

Yule wa Mpwapwa nilimtumia picha ya khanga kuukuu niliyoikata vipande, imechemshwa na kuanikwa. Kajibu: "Asante dada. Na vidonge je?"