Refa hakupuliza, faini ikaja

Mwanangu Salimu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unauliza: "Baba, iweje mtu amgonge mwenzake refa akiwa palepale, kitambaa cha njano cha kuonyesha kosa kisirushwe, halafu siku mbili baadaye ligi imtoze dola 75,000?" Tena unasema tangu wiki ile futiboli ya Marekani imegeuka mchezo wa kubembelezana. Najua unamsema nani. Una miaka 27 na bado unamtetea James Harrison, yule mlinzi wa Steelers, timu yetu ya Pittsburgh, kama mjomba wako.

Acha nikiri kwanza. Jumapili ile, tarehe 17 Oktoba 2010, aliyeruka kutoka kwenye kochi kabla yako ni mimi. Harrison alipomkumba Mohamed Massaquoi wa Cleveland na kijana akalala chali, nilipiga ukelele mpaka mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akatazama runinga, akauliza, "Huyo mtoto wa watu anaamka?" Nikamwambia angoje, tunaangalia marudio. Tuliyaangalia mara nne au tano, mimi na wewe. Mimi nimekulia Tanga, na pale Mkwakwani beki aliyeshangiliwa ni yule ambaye mpira ukimpita, mtu hampiti. Raha hiyo naijua.

Siku hiyohiyo, kwenye mechi nyingine, Dunta Robinson wa Atlanta aligongana na DeSean Jackson, wote wawili wakabaki chini, na Brandon Meriweather wa New England akamrukia Todd Heap kichwani. Jumanne ligi ikawatoza Robinson na Meriweather dola 50,000 kila mmoja na Harrison 75,000. Harrison akasema anafikiria kustaafu. Siku ile hukula chakula cha usiku.

Sasa hiyo hoja ya filimbi. Refa ana watu 22 mbele yake na anaona mara moja tu. Na hata akiona, anahukumu kwa sheria aliyopewa. Agosti 1978 kule Oakland, kwenye mechi ya maandalizi ya msimu ambayo haikuwa na pointi yoyote, Jack Tatum alimgonga Darryl Stingley wa New England. Kitambaa hakikurushwa, kwa sababu kwa sheria za wakati ule hapakuwa na kosa. Stingley alipooza, na hakutembea tena mpaka alipofariki mwaka 2007. Kwa hiyo ukiniambia refa hakupuliza, unanieleza habari za kitabu cha sheria tu. Za shingo ya mtu bado hujaniambia.

Ila kuhusu ligi, hapo umenishika. Wiki ileile ya faini, duka lao la mtandaoni lilikuwa likiuza picha ya Harrison akimgonga Massaquoi! Waliiondoa baada ya watu kuwasema. Na hapahapa Pittsburgh, Mike Webster, mchezaji wa zamani wa Steelers, alipofariki mwaka 2002, aliyeuchunguza ubongo wake ni daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu. Alipochapisha mwaka 2005 kwamba ameukuta umeharibiwa na kugongwagongwa kichwa, madaktari wa kamati ya ligi walitaka makala ile ifutwe. Watu wa namna hiyo wakikutoza faini kwa jina la usalama, lazima ucheke. Nami nilicheka. Lakini unafiki wa anayetoza haukuongezi unene wa fuvu.

Nakubaliana nawe pia kwamba mlinzi mara nyingine anaonewa. Amelenga kifua, mpokeaji, yule anayedaka mpira, anajikunja dakika ya mwisho, kichwa kinashuka mpaka pale kifua kilipokuwa, na timu ya mlinzi inaadhibiwa yadi 15. Hilo sina jibu lake.

Kilichonigeuza mimi ni Ryan Shazier, kijana wetu wenyewe. Desemba 2017, kule Cincinnati, nilikuwa naangalia peke yangu, wewe umeshahamia Houston. Yeye ndiye aliyekuwa akigonga. Aliinamisha kichwa, akamwingia mpokeaji, akageuka na kushika mgongo kwa mkono, na miguu haikusogea. Safari hii sikupiga kelele. Alikuja kutembea tena, Mungu mkubwa, lakini mpira hakucheza tena. Mwaka uliofuata ligi ikaweka sheria: ukiinamisha kichwa na kumgonga mtu kwa helmeti, ni kosa, uwe unashambulia au unalinda. Wewe unaona sheria hii ni ya kuwadekeza wapokeaji. Mimi nikiisoma namwona Shazier, aliyegonga.

Jezi yako nyeusi ya namba 92, ile ya Harrison, bado iko kabatini, mama yako ameikunja chini ya mashuka. Juzi aliniuliza aitoe sadaka, nikamwambia asubiri kwanza uje Desemba.

Baba yako