Wanangu Wamemfurikisha Jirani: Je, Ninalea Wahuni?

SWALI: Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni mama wa wavulana wawili, wa miaka 4 na 6, na tunaishi ghorofa ya tatu mtaani Umoja, Nairobi. Juma lililopita, siku ambayo mifereji ilikuwa mikavu, walifungua ule wa bafuni ili waone kama maji yamekuja, wakauacha wazi, kisha wakaziba tundu la sakafuni kwa soksi za baba yao. Maji yalirudi usiku tukiwa tumelala, na alfajiri jirani wa chini alikuwa mlangoni, amebeba zulia linalochuruzika. Kabla ya hapo walikuwa wamemkata paka wa mwenye duka sharubu, na rimoti ya runinga niliipata ndani ya ndoo ya unga. Mama mkwe anasema samaki hukunjwa angali mbichi, kwa hiyo nishike kiboko. Mume wangu naye hucheka mbele yao hadi machozi yakamtoka. Je, ninalea wahuni?
Mama Wawili, Umoja

JIBU: Mama Wawili, mhuni hana subira ya kutafuta soksi ya kuziba tundu. Wanao walikuwa wakijenga bwawa, na kwa kweli walilijenga vizuri. Kilichowaponyoka ni kwamba maji ya mgao hayapigi hodi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo humwezesha mtu kujizuia na kufikiria matokeo kabla ya kutenda, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20, kwa hiyo ukimwuliza mtoto wa miaka 4 kwa nini alifanya hivyo, naye akakujibu kuwa hajui, huenda anasema ukweli mtupu.

Kiboko sikishauri. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu hapa Kenya mwaka wa 2001, na Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya aina zote za ukatili. Hata tukiiweka sheria kando, mtoto aliyechapwa kwa sababu ya zulia hujifunza kuogopa fimbo, ilhali zulia lenyewe hubaki limelowa na jirani hubaki na hasira zake.

Wapeleke wote wawili kwa jirani. Waombe radhi kwa vinywa vyao wenyewe, kisha washike zulia, mmoja ncha hii na mwingine ile, walikamue na kulipandisha kwenye kamba pamoja nawe, hata kama kazi ambayo ungeimaliza kwa dakika chache itachukua asubuhi nzima na nusu ya maji itaishia kwenye nguo zao. Baadaye mpe yule mkubwa cheo: kila usiku kabla ya kulala yeye ndiye akague mifereji yote na kukupa ripoti. Wavulana wa umri huo hupenda sana vyeo. Paka naye anastahili radhi, kwani hutumia sharubu kupimia upenyo gizani, ingawa zitaota tena.

Hasira zako zihifadhi kwa mambo ya hatari, maana mama anayefoka kwa kila jambo hasikiki siku mtoto anapopanda kiti kwenye roshani. Weka dawa ya kufulia na mafuta ya taa mahali wasipofika, na usiyatie kamwe kwenye chupa ya soda. Rimoti ndani ya unga ni kichekesho, lakini kagua betri zake. Zile ndogo bapa zenye umbo la sarafu zikimezwa na kukwama kooni zinaweza kuliunguza umio ndani ya saa 2, na hapo ni kukimbia hospitalini papo hapo, bila kusubiri dalili.

Jambo jingine ni nafasi. Wavulana wawili katika nyumba ya ghorofa wasipopata pa kukimbilia watakimbilia bafuni, kwa hiyo Jumamosi baba awapeleke msitu wa Karura au bustani ya miti ya Arboretum wakachoke huko. Naye akishindwa kuzuia kicheko, aende akachekee jikoni, kwa sababu mtoto akimwona baba anacheka na mama anafoka, huchagua kumwamini anayecheka. Mama mkwe mpe heshima zake zote, kisha mwombe akusimulie mumeo alikuwaje alipokuwa na miaka 6.