Mwerebi nyuma ya nyumba, betula inakauka kileleni: nianze na upi?

SWALI: Tumenunua nyumba ya miaka ya 1930 kaskazini mwa London, kwenye udongo wa mfinyanzi. Uani kuna mwerebi mkubwa, ule wa matawi yanayoning'inia mpaka chini, mita 9 kutoka ukutani. Mwezi uliopita choo kilizibuka kwa shida, fundi akavuta kutoka kwenye bomba bonge la mizizi kama nywele. Mbele, mita 4 kutoka nyumbani, upo mti wa gome jeupe ambao majirani wanauita birch. Mizizi yake imetokeza juu ya nyasi na matawi ya kileleni yamekauka. Nafikiria kuukata mwerebi, na huo mwingine kuukata mizizi iliyotokeza kisha kumwaga udongo juu. Nakosea?

JIBU: Mwerebi usiukate bado. Kuhusu betula, yaani huo wa gome jeupe, mpango wako ndio utakaoumaliza.

Watu wengi hudhani mizizi ya mti huenda chini kama karoti. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti mzima iko kwenye sentimita 60 za juu, kwa sababu huko ndiko kuna hewa, nayo husambaa pembeni kupita kivuli cha matawi. Ndiyo maana mita 9 kwa mwerebi si mbali. Mwongozo wa NHBC (shirika la Uingereza la viwango na dhamana ya nyumba mpya) wa kujenga karibu na miti unauweka mwerebi kwenye kundi la miti yenye kiu kubwa: chukua urefu wa mti ukikomaa, zidisha kwa 1.25. Mwerebi wa kuning'inia hukadiriwa mita 16, kwa hiyo athari yake hufika mita 20. Betula iko kundi la kiu ndogo, mita 14 kwa 0.5, yaani mita 7. Hesabu hiyo ilitungwa kwa nyumba mpya, ila inakuonyesha mti upi wa kuuangalia kwanza. Misingi ya miaka ya 1930 mara nyingi haifiki mita moja.

Hatari yenyewe si mzizi kusukuma ukuta. Mfinyanzi ukinyonywa maji hunywea, na msingi uliokaa juu yake hushuka upande mmoja. Kagua nyufa leo. Ufa wa kutilia shaka huenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, ni mpana zaidi juu kuliko chini, unaonekana ndani na nje, na upana wake unapita milimita 3. Piga mstari wa penseli ukikatiza ufa, andika tarehe na upana, kisha pima kila mwezi. Ukipanuka mwisho wa kiangazi na kujibana majira ya baridi, mshukiwa wa kwanza ni mti. Hapo unapigia kampuni ya bima kwanza, kabla ya mtu wa msumeno.

Mbona usikate tu yakaisha? Kwa sababu mti ukiondoka, mfinyanzi uliokaushwa kwa miaka hurudi kunywa maji na kuvimba, na nyumba huinuliwa. Kama mwerebi ni mkongwe kuliko nyumba, hilo ni tatizo baya kuliko la kwanza, tena hudumu miaka. Kama ulipandwa baada ya nyumba kujengwa, hatari hiyo hupungua sana. Basi umri wa mti ndio swali la kumuuliza mtaalamu wa miti. Uliza pia halmashauri kama mti una amri ya kulindwa. Ukiwa eneo la hifadhi ya majengo, unatoa taarifa wiki 6 kabla kwa mti wowote wenye shina la kipenyo cha zaidi ya milimita 75 kwenye kimo cha mita 1.5. Faini zake si za kuchezea.

Ukiamua kuuacha, hupunguzwa matawi majira ya baridi, kila baada ya miaka miwili au mitatu, bila kuruka. Kupunguza kidogo mara moja hakusaidii: hurudisha machipukizi yenye majani makubwa na kiu ileile. (Na vijiti vibichi vya mwerebi usivichomeke kuegemezea maharage. Vitaota.)

Sasa bomba. Mizizi haikulivunja. Mabomba ya zamani ya udongo wa kuchoma yaliungwa vipande vifupi kwa saruji, kiungo kikaachia, unyevu ukavuja, na mzizi mwembamba kama uzi ukaingia. Kuukata na kuondoka ni kuupogoa tu, utarudi mnene. Agiza kamera ipite ndani, mizizi ikatwe, kisha bomba liwekwe utando wa resini ndani ili viungo vifungwe. Usimwage mrututu wala chumvi. Angalia pia kama bomba hilo mnalitumia na jirani: tangu Oktoba 2011, Uingereza, mabomba ya pamoja mengi ni jukumu la kampuni ya maji, si lako.

Turudi kwa betula. Mizizi yake kwa kawaida ni ya juujuu. Kutokeza kwake si ugonjwa. Ukiimwagia udongo inakosa hewa. Ukiikata unapunguza maji yanayopanda, wakati kilele tayari kinalia kiu. Mzizi wenye unene wa milimita 25 au zaidi usiguswe. Eneo la kulinda ni kipenyo cha shina mara 12: shina la sentimita 25, duara la nusu kipenyo mita 3.

Ng'oa nyasi kwa mkono kuzunguka shina, mita moja hadi moja na nusu, bila jembe wala dawa ya magugu. Weka matandazo ya vipande vya mti, unene wa sentimita 5 hadi 8, yaachane na gome kwa sentimita 15 (yakiligusa, gome huoza). Kiangazi, mwagilia polepole lita 25 kwa kila mita mraba, kila siku kumi au wiki mbili kukiwa kikavu. Kipimo ni bisibisi: isiposhuka sentimita 20 kwa kusukuma, hujamwagilia, umelowesha nyasi.

Matawi makavu kata wakati wowote. Mabichi subiri kuanzia mwisho wa kiangazi hadi katikati ya baridi, kwani yakikatwa kuelekea masika hutiririka utomvu kwa siku nyingi. Kata nje kidogo ya uvimbe unaounga tawi na shina, usipake rangi.

Mwisho, tofautisha uyoga. Ule mwekundu wenye madoa meupe unaoota chini ni mshirika wa mizizi. Waache watoto wasiuguse tu, una sumu. Ule unaojitokeza kama rafu kwenye shina lenyewe ni kuoza ndani. Ukiuona huo, nyasi na matandazo havina kazi tena, mwite mtaalamu wiki hiyohiyo, kwa sababu shina la betula lililooza hukatika katikati bila onyo, na lako liko mita 4 kutoka dirishani.