Milioni tano za cherehani, na shangazi wa kushika uzito

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: msomaji mwenye shilingi milioni 5 achague cherehani gani ya kushonea mifarishi, yale matandiko ya viraka yenye uso, pamba katikati na bitana chini. Nitajibu, ila kwanza na mimi niulize. Huyo msomaji ana meza gani? Na cherehani ikigoma, fundi wake yuko wapi?

Kazi hii nilijifunzia Houston, nilikokaa miaka 14 nikihudumia wazee majumbani. Niliporudi Tanga nilibeba cherehani ya kompyuta yenye mishono zaidi ya mia nne. Katika yote hiyo nilikuwa natumia mitatu. Haikumaliza wiki. Mpwa wangu aliichomeka moja kwa moja ukutani, mashine ya volti 120 kwenye umeme wetu wa 230. Ikatoa harufu ya plastiki, ikanyamaza. Fundi wa Ngamiani aliifungua, akaitazama ile bodi, akaifunga tena. Hata hela ya kuangalia hakuichukua, nikajua basi tena.

Nikabaki na Singer ya miguu ya marehemu mama.

Mwaka huohuo bibi yetu mzaa baba alifariki. Baada ya arobaini zikatolewa kanga zake, nyingi zimechakaa kiasi kwamba hakuna wa kuzivaa, wala wa kuzitupa. Nikasema nipeni nizishone mfarishi mmoja. Shangazi akaja juu: "Mama yangu humkati vipande wewe!" Mazungumzo yalichukua siku mbili na chai nyingi. Tukakubaliana: pindo likatwe, mji ukatwe, lakini jina lisiguswe. Kila kanga ibaki na maneno yake mazima.

Nikazifua moja moja mpaka maji yakatoka meupe, maana nyekundu ya kanga mpya au kuukuu haina adabu. Kuunga uso hakukunisumbua hata kidogo. Kwa mshono ulionyooka sijaona cherehani inayoishinda ile Singer. Tabu ilianza nilipotandika tabaka zote tatu, sentimita 230 kwa 250. Kutoka kwenye sindano hadi kwenye nguzo ya mashine haifiki shubiri, na hapo ndipo nusu ya mfarishi inatakiwa ipite, imekunjwa kama jamvi. Nusu nyingine inaning'inia mezani na kuvuta. Meno ya chini yanaivuta bitana, mguu wa juu unauchelewesha uso, basi kila safu ikimalizika uso umejikusanya na bitana ina makunyanzi. Mishono mahali mirefu kama ya gunia, mahali imesongamana kama mchanga. Nilifumua kwa wembe siku mbili, na siku ya pili nililia.

Shangazi alikuwa barazani ananitazama. Hakusema kitu. Akavuta kigoda, akakaa upande wangu wa kushoto, akaupakata ule mzigo wote. Nikikanyaga, anaachia kidogo kidogo. Uzito ulipoondoka, mishono ikalingana. Na kila jina lilipopita mapajani mwake alikuwa analisoma kwa sauti, na kunieleza ile kanga ilinunuliwa lini na nani alikuwa anasemwa. Wema hauozi, hiyo ilikuwa ya harusi yake mwenyewe. Nyingine sitaiandika hapa, aliyelengwa bado yu hai. Tulishona hivyo jioni tisa. Moja ya majina lilitoka kichwa chini, na ndilo la kwanza alilolionyesha kwa wageni.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia wasomaji wasipoteze hela, miguu inatosha. Sasa nasita. Mabega yangu hayajapona mpaka leo, na si kila mtu ana shangazi.

Kwa hiyo sikilizeni. Kwanza seremala: meza iliyotobolewa, cherehani izame mpaka kitako chake kilingane na ubao, ili mfarishi ulale juu ya meza usining'inie. Pili, mguu wa kutembea, ule wenye meno yake ya juu, uso na bitana viende pamoja. Kuna Pfaff ambazo huja na utaratibu huo ndani yake, ni nzuri sana, ila sijamwona mwenye kuzitengeneza huku kwetu. Halafu ndiyo cherehani. Ningechukua Juki TL-2010Q: mshono mmoja tu ulionyooka, mishono 1,500 kwa dakika, meno yanashushwa ukitaka kuchora maua kwa mkono huru, na mafundi wa Juki za viwandani wameshaizoea tabia ya ukoo huo. Ikitoka Marekani, hakikisheni volti kabla ya kingine chochote, na transfoma ya kushusha umeme iwe na nguvu ya kutosha. Bernina za kioo cha kugusa, zile zinazopita dola 10,000, waachieni wenye karakana ya wakala mtaa wa pili.

Ila nisiseme uongo. Janome ile ya M7 ina nafasi ya sentimita 34 kulia kwa sindano. Mwanangu aliyeko Dallas akisoma hapa, sitaikataa. Transfoma aje nayo, na asimpe mpwa wangu aichomeke.